Je wajua kwa nini daktari anapewa makaratasi ya kuishi Kanada kwa sababu ya digrii yake, halafu anaishia kwenye teksi?

Ile stori ya kupanda teksi Toronto ukakuta dereva ni daktari, wengi wanadhani ni chumvi za wabeba boksi. Wala si chumvi. Serikali ya Kanada yenyewe ilishapekua sensa yake ya 2006 ikakuta madereva teksi wahamiaji kama 200 ambao ni madaktari au wana PhD. Na hii ni nchi ambayo mamilioni ya watu hawana daktari wa familia, sasa inakuwaje?

Shida inaanzia hapa, anayekupa makaratasi na anayekupa leseni sio mtu mmoja. Tangu 1967 Kanada inachagua wahamiaji kwa pointi, yani umri, lugha, elimu, uzoefu wa kazi, na kuanzia 2015 mambo mengi yanapitia mfumo wa mtandaoni wa Express Entry. Hiyo ni serikali kuu. Ila nani aitwe daktari, nesi, injinia au mwalimu, hilo ni la jimbo, na jimbo nalo limewaachia bodi za taaluma. Kwa hiyo serikali kuu inakumwagia pointi kwa digrii yako ya Muhimbili, unauza kiwanja, unashuka airport na mke na watoto, halafu bodi ya jimbo la Ontario inakuuliza wewe nani.

Kinachowapoteza wengi ni ile karatasi ya kulinganisha vyeti ambayo unailipia kabla ya kuomba. Inasema digrii yako ni sawa na ya Kanada, mtu anaamini kamaliza, kumbe ni ya kuhesabia pointi tu na leseni haimo humo.

Madaktari ndo wana kisanga kikubwa zaidi. Kuna mtihani wa maarifa ya udaktari unaitwa MCCQE, kuna wa vitendo unaitwa NAC, sawa utafaulu, lakini baada ya hapo kwa kawaida unatakiwa upate nafasi ya mafunzo hospitalini, hata kama kwenu ulishakuwa bingwa na wanafunzi walikuwa wanakufuata wodini. Nafasi zinalipiwa na jimbo, na waliosomea nje wanatengewa chache sana, kwa hiyo unaweza ukafaulu kila kitu na bado ukakosa nafasi yenyewe. Huku kodi ya nyumba haisubiri mtihani, unaingia ghalani, unalea wazee, unaendesha Uber. Na bodi zinataka mtu aliyefanya kazi ya taaluma yake miaka ya karibuni, sasa kila mwaka unaokaa kwenye usukani unazidi kukuchafulia faili. Mimi hapa ndo naona ukatili wenyewe ulipo, maana mitihani mtu anaweza kuisoma lakini muda ukipita umepita.

Watu wa kompyuta hawana bodi ya kuwasumbua, wao walikuwa wanakutana na "uzoefu wa Kanada", ambao huwezi kuupata bila kazi na kazi hupati bila huo uzoefu. Tume ya haki za binadamu ya Ontario ilishasema 2013 kwamba huo ni ubaguzi, bodi ya mainjinia wa jimbo hilo ikaufuta 2023, na kuanzia Januari 2026 waajiri wa Ontario wenye watu 25 na kuendelea hawaruhusiwi kuuandika kwenye tangazo la kazi. Kuandika tu lakini, kinachowazwa kwenye intavyuu nani atakipima?

Linganisha na nesi wa Kenya anayeenda Uingereza. Kule baraza la manesi ni moja nchi nzima, mtihani wa kompyuta anafanyia Nairobi, hospitali inamwajiri ndo viza inafuata, na ule wa vitendo anaufanyia kulekule mshahara ukiwa unaingia, japo wa ngazi ya chini mpaka apate namba ya usajili. Ubaya wake viza imefungwa kwa mwajiri, ukikosana na bosi unaanza kuhesabu siku.

Kanada nao wameanza kulegeza, majimbo kadhaa yana mpango wa kumweka daktari wa nje chini ya uangalizi kama wiki 12 wamwone anavyotibu, bila kumrudisha kwenye mafunzo upya. Sema nao wanamtaka aliyetibu karibuni, kwa hiyo kama una mpango huo, tafuta bodi ya jimbo unalokwenda kabla hujaacha kazi huku.