Je, mhasibu mcha Mungu hahitaji kukaguliwa?

Wengi wanaamini kwamba fedha za ofisi, shule au kikundi zikishikwa na mtu wa sala, ukaguzi hauna kazi, na kumdai risiti ni kuitilia shaka imani yake. Inaeleweka, maana dini zetu zinakataza wizi waziwazi.

Ila dini hizohizo hazikuishia kwenye kuaminiana. Qurani 2:282, aya ndefu kuliko zote, inawaagiza waumini wanaokopeshana waandike deni na waweke mashahidi. Katika Biblia, 2 Wakorintho 8:20-21, mtume Paulo anaeleza kuwa wanatahadhari na mchango mkubwa wanaousimamia, mtu asije akawalaumu. Maagizo hayo yote yanawahusu waumini wenyewe kwa wenyewe. Fungua usome.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Kwangu hili ni kubwa: utaratibu huo humlinda kwanza mweka hazina mwaminifu. Hesabu isipotimia, ana maandishi na mashahidi. Bila hivyo anabaki na kiapo tu, na jina lake linachafuka bure.

Katika kikundi chako, omba taarifa ya benki uilinganishe na daftari na risiti. Uliza pia kama anayeidhinisha malipo ndiye huyohuyo anayelipa na kuandika hesabu.