Mlimao, boga na pasheni: pa kuwatazamia vipepeo na nyuki nyumbani kwako

Swali linalotufikia mara kwa mara katika idara yetu ya wadudu ni la viwavi kwenye mlimao. Mtu amenunua mche kitaluni, umeanza kuchipua vizuri, kisha asubuhi moja anakuta majani machanga yametafunwa na juu ya jani pana kitu kama kinyesi cha ndege, ila kinatembea. Anachotaka ni jina la dawa. Mimi huwaomba kwanza wamtazame vizuri huyo mdudu, kwa maana ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, ambaye wote wa nyumbani humfurahia akipita uani.

Mfuatilie huyo kiwavi, hutajuta. Mama hutaga mayai yake mojamoja kwenye majani laini ya mlimao, mndimu au mchungwa. Kiwavi akiwa mchanga ana rangi ya kahawia na mabaka meupe, na ndege humpita wakidhani ni uchafu wao wenyewe. Akishajivua ngozi mara kadhaa anageuka kijani, akalingana kabisa na jani alilokalia. Mguse taratibu nyuma ya kichwa: zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, halafu zitarudi ndani. Hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi na maadui wengine wadogo. Haichomi, haiwashi, na watoto hawachoki kuitazama.

Mlimao uliokomaa haudhuriwi na viwavi wachache. Tena wengi wao hawafiki mbali. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, huwabeba, na wapo nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili yao. Mche mdogo ndio unaohitaji ulinzi, na kipande cha chandarua kinatosha. La sivyo, waondoe kwa mkono uwahamishie kwenye mti mkubwa wa jamii hiyohiyo. Ukiwahamishia kwenye mwembe watakufa njaa, kwani viwavi wa vipepeo wengi hula mimea michache tu ya aina yao.

Hapo ndipo penye siri ya kuwaona. Watu hukimbilia maua, na ni kweli kipepeo aliyekomaa hunyonya mbochi kwenye maua ya kila namna, hata ya kishona nguo. Lakini anayetaka kujua vipepeo wa kwake aanze na majani, ajue nani anataga wapi, kisha akae kimya kando ya mmea mmoja kwa robo saa. Kumfukuza kipepeo bustani nzima hakukupi kitu. Saa nayo ina maana: mwili wa kipepeo hupata joto kwa jua, kwa hiyo kwenye baridi ya Lushoto au Limuru utamkuta saa tatu au saa nne asubuhi ametandaza mbawa juu ya jani akiota jua, na huo ndio wakati mzuri wa kumpiga picha kabla hajachangamka. Baada ya mvua, angalia pia palipo na tope. Madume hukusanyika hapo kufyonza chumvichumvi.

Kipepeo mmoja anastahili kutazamwa mara mbili. Ni yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizotiwa mabaka meupe, Danaus chrysippus, anayeruka polepole kama asiye na hofu. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata baada ya kupata mbawa. Ndege aliyewahi kumwonja hamrudii. Sasa, yupo kipepeo mwingine asiye na sumu hiyo, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limevaa mavazi yaleyale ili nalo liogopwe. Ukiwaona mbali huwezi kuwatofautisha. Wakitua, angalia bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi vitatu katikati ya bawa, na dume ana cha nne, ilhali jike la Hypolimnas lina kimoja tu, kwenye ukingo wa mbele. Dume la Hypolimnas halifanani na yeyote kati yao. Ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yanayong'aa zambarau pembeni.

Siwatetei wote. Kipepeo mdogo aitwaye Acraea acerata ni mharibifu wa kweli wa viazi vitamu, hasa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na hata kwenye tuta moja la matembele nyuma ya jiko anaweza kuacha mashina matupu. Viwavi wake wakiwa wachanga huishi kwa kundi ndani ya utando juu ya majani. Chuma majani hayo yenye utando mapema, uyateketeze, na utakuwa umemaliza kazi bila kununua chochote.

Upande wa nyuki, wengi wetu tunamjua mmoja tu, wa asali. Bustani ya kawaida ina zaidi ya huyo, na kwa mkulima wa nyumbani wengine wana faida kubwa zaidi. Chukua pasheni ya manjano. Ua lake hufunguka kuanzia adhuhuri, vikonyo vyenye chavua vikiwa vimening'inia juu ya mahali penye mbochi. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini yake, anakunywa na kuondoka bila kugusa panapohusika. Nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, jamii ya Xylocopa, akiingia, mgongo wake hujaa vumbi la chavua, na akifika kwenye ua la mmea mwingine analipaka. Pasheni ya manjano haikubali chavua ya mmea wake mwenyewe, hivyo mwenye mche mmoja wa aina hiyo atalalamika kila msimu kwamba maua yanapukutika. Panda miwili isiyotoka katika kipando kimoja, na huyo nyuki usimuue kwa ajili ya ukubwa wake. Dume hana mwiba kabisa, na jike huuma akibanwa tu. Ikiwa anatoboa kenchi za nyumba, mwachie mianzi mikavu au gogo kavu pembeni ahamie huko.

Nyuki haohao hushika ua la biringanya au nyanya na kutikisa misuli ya mwili mpaka chavua imwagike. Utausikia mvumo ukibadilika ghafla, ukawa mkali na mfupi. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Nguruman, huko Kajiado nchini Kenya, ulionyesha kwamba biringanya za eneo lile zilitegemea nyuki wa porini, Xylocopa caffra akiwa mmoja wao.

Malenge ni habari ya asubuhi. Ua la kike, lenye kitunda kidogo chini yake, hufunguka alfajiri na kufumba kabla jua halijawa kali, na likikosa mgeni katika saa hizo chache kitunda hunyauka na kudondoka. Anayepuliza dawa asubuhi anawaua waliokuja kumtengenezea boga. Kama huna budi kupuliza, fanya hivyo jioni, maua yamefumba na nyuki wamerudi, wala usielekeze dawa kwenye maua.

Angalia pia majani ya waridi. Ukikuta yamekatwa vipande vya duara pembeni, safi kama kwa mkasi, ni kazi ya nyuki Megachile, anayejengea vipande hivyo vyumba vya watoto wake na kubeba chavua chini ya tumbo. Waridi halifi kwa hilo. Na ukiona kijibomba cha nta kimechomoza kwenye ufa wa ukuta, wadudu weusi wadogo wakiingia na kutoka, hao ni nyuki wadogo wasio na mwiba. Waachwe.

Nzi wengine huvaa milia ya nyuki. Nzi ana mbawa mbili na vipapasio vifupi sana kichwani. Nyuki ana mbawa nne na vipapasio virefu vilivyopinda.

Nyuki wa asali wetu ni wakali wanapolinda mzinga, na hapa sitaki mtu ajaribu ushujaa. Kundi lililotua kwenye tawi mara nyingi linapumzika tu likitafuta makao, na huenda likaondoka baada ya saa kadhaa au siku chache. Waondoe watoto, fungia mbwa na mbuzi mbali, usiwashe moto wala kurusha jiwe au dawa ya mbu. Likiingia darini au ukutani, mwite mfugaji nyuki mwenye mavazi ya kazi. Kwa Tanzania, muulize afisa nyuki wa wilaya yako.