Choo cheusi baada ya dawa za maumivu: maswali tunayoulizwa Bukavu

Ni dawa zipi za maumivu zinazoweza kutoboa tumbo?

Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini na aspirini ni za ukoo mmoja. Hutuliza maumivu na uvimbe kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini (kemikali za mwili zinazochangia maumivu na uvimbe), ila prostaglandini hizo hizo ndizo zinazosaidia tumbo kujitandikia ute wa kulikinga na asidi yake lenyewe. Aspirini ina la ziada: hulemaza chembe za kugandisha damu kwa muda wote wa uhai wao, yaani siku 7 hadi 10. Parasetamoli haimo katika ukoo huu.

Mimi napandisha magunia kutoka ziwani hadi Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Asubuhi nameza ibuprofeni, jioni diklofenaki, kwa kuwa ni dawa mbili tofauti. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Majina ni mawili lakini kazi ni moja, kwa hiyo nafuu haiongezeki mara mbili, bali madhara ndiyo yanayoongezeka. Na vile vidonge vinavyouzwa sokoni vikiwa vimefungwa kwenye kikaratasi bila jina, huenda mna cha tatu ndani yake, deksametazoni au prednisoloni (dawa za steroidi), ambacho kikikutana na dawa za ukoo huu huzidisha hatari ya kidonda na ya kutoka damu. Kidonge usichokijua jina usikimeze.

Je, nikidungwa sindano badala ya kumeza, tumbo halitasalimika?

Halitasalimika. Dawa haiumizi tumbo kwa kulipitia tu. Huliumiza hasa ikiwa tayari imo ndani ya damu, hata kama iliingilia pajani. Kula kwanza hupunguza kiungulia, lakini hakuzuii kidonda.

Choo cha baba kimekuwa cheusi na anatapika damu. Majirani wanasema ni karuho, yaani sumu aliyowekewa na mtu. Tuanzie wapi?

Hospitalini. Leo, wala si kesho baada ya kumwona mganga wa kienyeji.

Tunaona mambo yale yale kila mara. Mtu amemeza dawa za mgongo kwa wiki kadhaa, choo kinakuwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya kuliko kawaida, na jamaa wanatamka neno moja: karuho. Basi ananyweshwa maziwa, kisha mafuta, kisha majani ya kumtapisha, na siku ya tatu ndipo analetwa mgongoni mwa kijana wake, viganja vimekuwa vyeupe, jasho la baridi linamtoka na hawezi kukaa bila kuona kizunguzungu. Choo hicho cheusi ni damu iliyotoka tumboni na kubadilika rangi njiani. Maziwa hayazibi mshipa unaovuja, na majani ya kutapisha huongeza hatari kwa mtu ambaye tayari anavuja.

Lakini ikiwa kweli amewekewa sumu?

Hata hivyo, hospitalini kwanza. Anayeamini karuho na asiyeiamini wote wawili wana damu inayopungua, na damu inayopungua haisubiri ubishi wa ukoo uishe. Msimpe chochote cha kunywa wala kula, simamisheni dawa zote za maumivu, mlazeni ubavu akiwa anatapika, kisha tafuteni usafiri.

Mimi nameza vidonge vya madini ya chuma na choo changu pia ni cheusi.

Madini ya chuma hutia choo rangi nyeusi, na hilo halina neno ikiwa hakinati kama lami, hakina harufu ile mbaya na wewe huna kizunguzungu wala moyo kwenda mbio. Ukiwa na shaka, njoo upimwe damu.

Sasa mgongo wangu niufanyeje?

Mtu mzima mwenye afya aanze na parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili kwa mara moja, kisha asubiri angalau saa 4, na asizidishe vidonge 8 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mwili mdogo au anayekunywa pombe kama kasiksi na kanyanga kila siku apangiwe kiasi pungufu, kwa sababu parasetamoli ikizidi huunguza ini. Mama mjamzito, mzee, mwenye ugonjwa wa figo na yeyote aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo asijinunulie dawa za ule ukoo wa kwanza; zikilazimu, daktari ndiye atakayeamua, na mara nyingi ataongeza omeprazoli ya kulikinga tumbo.

Tukija hospitalini tulete nini?

Leteni vikaratasi na maboksi ya dawa zote alizomeza, pamoja na mabaki ya majani ikiwa aliyanywa, wala msifiche kitu kwa kuogopa kugombezwa. Tutagomba kidogo, lakini tutatibu. Waje pia ndugu wawili au watatu wenye afya, kwa kuwa huenda akahitaji kuongezewa damu usiku huo huo.