Kabla ya kumshika mtoto, namuuliza mama yake analalaje

Siku moja mama mmoja alikaa kwenye benchi la kliniki yetu hapa Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na mwanawe wa miaka tisa akawa anawarushia mawe kuku wa jirani. Bibi aliyekuwa pembeni alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Asiyefunzwa na mamaye..." Hakumalizia. Methali hiyo haihitaji kumaliziwa, kila ajuaye Kiswahili huimalizia moyoni. Nilimwona yule mama akijikunja kama aliyepigwa.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumlaumu mzazi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama wa mtoto mkorofi anayasikia kisimani, shuleni, kwa wakwe, na akifika kwangu ameshajihukumu. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa afya, na majirani pia, tuitumie zaidi ile nyingine: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mimi ni afisa tabibu wa afya ya akili. Wengine huniita daktari, wengine musawo. Nahudumia familia za makazi ya wakimbizi ya Nakivale na vijiji vinavyoyazunguka, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha: aliyetoka Kivu au Ituri kule Kongo, na mwenyeji aliyekiokota sokoni au jeshini.

Swali langu la kwanza halimhusu mtoto. Namuuliza mzazi: "Mama, wewe unalalaje?" Wengine hushangaa, husema hawakuja kwa ajili yao wenyewe. Lakini mtoto nitamwona nusu saa kwa mwezi, na siku zote zilizobaki yuko naye. Lolote nitakaloshauri litapita mikononi mwake. Kama mikono hiyo imechoka, kama mama ana sonona, haoni ladha ya chakula na analia usiku watoto wakilala, ushauri wangu utaishia mlangoni. Basi huanza na yeye.

Baada ya hapo ndipo namkagua mtoto, nikianza na mwili. Je, aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani? Watafiti wa hapa Uganda wamewafuatilia watoto waliopona malaria ya aina hiyo na kukuta baadhi yao wakibaki na shida za kukumbuka, kutulia na kudhibiti hasira. Je, ana degedege au kifafa? Je, anasikia vizuri, au anaitwa mkaidi kwa sababu masikio yake yana usaha tangu utotoni? Na kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi: fenobabito, dawa ya kifafa inayotolewa sana kwenye vituo vyetu, inaweza kumfanya mtoto awe mtukutu na mwenye hasira za haraka. Ukiona mabadiliko hayo tangu aanze dawa, rudi useme, tutaangalia nyingine. Usiikatize mwenyewe ghafla, kwa sababu kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kumhatarisha.

Kwa watoto waliokimbia vita, namuuliza mama kuhusu usiku. Mtoto anayepiga kelele usingizini, anayeruka mlango ukigongwa, aliyeanza tena kukojoa kitandani akiwa na miaka minane, mara nyingi ana hofu ambayo watu wameiita utundu.

Sasa nieleze lile ninalotumia muda mwingi kulieleza, maana hapo ndipo nyumba nyingi zimenaswa.

Mama anasema, "Chukua jerikeni uende bombani." Mtoto ananuna. Mama anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto anapiga yowe, analitupa jerikeni, majirani wanachungulia. Mama, kwa aibu na uchovu, analiokota na kwenda mwenyewe. Kimya kinarudi. Tazama kila mmoja amejifunza nini. Mtoto amejifunza kwamba yowe linaondoa kazi. Mama amejifunza kwamba kukubali kushindwa kunaleta amani. Kesho yake mama anashika fimbo, mtoto anakimbia kuchota maji, na mama anajifunza somo la pili: fimbo ndiyo inayosikika. Kuanzia hapo kila upande unapandisha kidogo. Yowe la jana halitoshi leo, wala fimbo ya jana haitoshi. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, alieleza mzunguko huu baada ya miaka mingi ya kuzichunguza familia majumbani mwao. Mimi nauona kwenye nyumba za udongo za Isingiro vilevile. Ninalotaka mzazi alisikie ni hili: ndani ya mzunguko huo hakuna mbaya. Kila mmoja anatafuta nafuu ya dakika ile, na nafuu hiyo ndiyo inayowafunga wote wawili.

Kuufungua, hatuanzi na adhabu. Tunaanza na dakika kumi kila siku ambazo mtoto ndiye anayeongoza. Akitaka kupanga mawe, panga naye. Akichora chini, tazama useme unachokiona: "Umechora lori, lina magurudumu sita." Usimpe amri, usimsahihishe, usimpige maswali. Akina mama huniambia hawana muda wa kucheza, na ni kweli hawana. Basi tunazitafuta dakika hizo ndani ya kazi: wakati wa kuchambua maharage, au njiani kwenda shambani. Mtoto ambaye kwa miezi ameitwa jina lake kwa kukaripiwa tu anahitaji kulisikia kwa namna nyingine kabla hajakubali kutumwa.

Halafu sifa. "Wewe mtoto mzuri" haimfundishi kitu. "Umemwachia mdogo wako mpira bila kugombana, asante" inamwonyesha tendo lenyewe. Na amri iwe moja, fupi, ukiwa karibu, sauti ya chini: "Chukua jerikeni." Subiri. Hesabu moyoni hadi tano. Asipotii, adhabu iwe ndogo, aliyoijua mapema, na iishe siku hiyohiyo, kwa mfano leo hatacheza mpira jioni. Chakula kisiwe adhabu kamwe. Tangu mgawo wa wakimbizi ulipopunguzwa mwaka 2023, kuna nyumba ambazo sahani ile ni moja tu kwa siku.

Lazima nionye hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaacha. Ukiacha kushindwa na yowe, siku za mwanzo yowe litakua. Mtoto anaijaribu njia aliyoizoea kwa nguvu zake zote. Yule mama ambaye mwanawe aliwarushia kuku mawe alirudi baada ya wiki moja akisema nimemharibia mtoto kabisa. Nilimwomba avumilie wiki nyingine mbili, na mhudumu wa afya wa kijiji akawa anampitia nyumbani kila jioni. Bila mtu wa kumpitia, sidhani kama angeweza. Mtoto bado ana siku mbaya, lakini sasa anakwenda bombani.

Ndiyo maana naamini sana vikundi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai: watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa maeneo hayohayo waliopewa mafunzo, si madaktari. Walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa kwenye vikundi. Kikundi chetu ni cha akina mama kumi chini ya mti, kwenye mkeka. Mara ya kwanza mmoja aliposema, "Kuna siku simpendi mwanangu," nilidhani wenzake watamshambulia. Walimsogelea.

Akina baba ni wagumu kufika. Nimejifunza kutowaita "kwenye kliniki ya akili". Namwomba mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anikaribishe kwenye kikao chao, na huko wanauliza maswali mazuri kuliko nilivyotarajia.

Mzazi akimpeleka mtoto kwa mchungaji, shehe au mganga, sigombani naye. Maombi yanampa nguvu, aendelee nayo. Ninaomba mambo matatu tu: mtoto asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asiachishwe dawa. Kwa shule, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamekataza viboko shuleni. Mzazi akiogopa kulisema hilo mbele ya mwalimu mkuu, naongozana naye.

Kuna mambo yasiyosubiri siku ya kliniki: mtoto anayesema anataka kufa au anayejiumiza, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyelala siku kadhaa mfululizo. Mlete siku hiyohiyo kituo kilicho karibu. Hospitali ya rufaa ya Mbarara ina huduma ya afya ya akili, na hospitali ya akili ya Butabika kule Kampala ina wodi ya watoto. Mtoto akiwa anadhulumiwa, piga 116, namba ya Sauti, huduma ya simu ya kuwasaidia watoto. Simu hiyo ni ya bure.

Mkija kwangu mara ya kwanza, leteni kadi ya mtoto na dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, sitawakaripia. Na aje yule anayelala naye chumba kimoja, hata akiwa dada yake wa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye ataniambia habari za usiku.