Mwendokasi maana yake nini? Tuanzie Ahmedabad

Mtu wa Dar es Salaam akisema "nimepanda mwendokasi" kichwani ana picha ya basi, hasa lile refu linalojikunja katikati. Hakuna ubaya, lugha ni ya watu. Lakini lichukue basi hilohilo uliingize kwenye foleni ya barabara ya kawaida, litasota kama daladala yoyote. Injini yake haina maajabu. Mwendokasi kwa maana yake hasa ni namna ya kuipanga barabara na kituo ili basi lisisubiri. Basi ni kipande kimoja tu cha mpango huo.

Hili linaonekana vizuri zaidi India kuliko kwetu, kwa sababu miji miwili ya kule ilijaribu jambo moja karibu wakati mmoja, na matokeo yakawa mbingu na ardhi.

Ahmedabad ndilo jiji kubwa kuliko yote Gujarat, jimbo ambalo Wahindi wengi wa Zanzibar, Mombasa na Dar wana asili yao huko. Sensa ya 2011 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.5 ndani ya mipaka ya manispaa. Mabasi ya manispaa yapo tangu 1947, ila jiji lilivyozidi kutanuka ndivyo pikipiki na bajaji zilivyozidi kujaa barabarani. (Bajaji hizi zetu tumezipata India, jina likaja nazo. Hata neno "gari" asili yake ni Kihindi.) Oktoba 2009 jiji likafungua kipande cha kwanza cha mwendokasi wake, Janmarg, yaani "njia ya watu", na baadaye mtandao ukapita kilomita 80.

Simama kituoni uone kazi inavyofanyika. Kituo kiko katikati ya barabara, si pembeni. Nauli unalipa kwenye kidirisha kabla hujaingia, basi likifika hakuna kondakta wa kudaiana naye chenji. Jukwaa limeinuliwa karibu sentimita 90, sawasawa na sakafu ya basi. Milango ya basi iko kulia, upande wa dereva, nayo inafunguka ikitazamana na milango ya kituo. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mtu wa kiti cha magurudumu, wote wanaingia bila kukwea ngazi hata moja.

Piga hesabu ujue kwa nini jambo dogo kama ngazi lina uzito. Tuseme kila kituo wanapanda abiria 10, na kila mmoja anakula sekunde 5 kukwea, kutoa hela na kungoja chenji. Hizo ni sekunde 50 basi limesimama. Vituo 20 vinakupa karibu dakika 17, na hapo bado hujakutana na taa nyekundu hata moja. Watu wanadhani mwendokasi unashinda kwa kukimbia. Unashinda zaidi kwa kutosimama bure.

Sasa Delhi. Mwaka 2008 walifungua njia yao kutoka Ambedkar Nagar hadi Moolchand, kama kilomita 6 hivi. Walitenga njia ya mabasi katikati, wakaishia hapo. Mabasi yalikuwa yaleyale ya jiji: baadhi ya kupanda kwa ngazi, tiketi kwa kondakta ndani. Vituo viliwekwa karibu na makutano, kwa hiyo mabasi yakawa yanapangana foleni kwenye taa. Na pembeni yake wenye magari madogo, waliopunguziwa nafasi, wanaitazama njia ya basi iliyo tupu na damu inawachemka.

Kuhusu ule utupu nina maoni yangu. Njia ya mwendokasi inayofanya kazi vizuri lazima ionekane tupu! Basi lenye watu 60 limeshapita, ilhali watu hao wangekuja na magari yao, mtu mmoja au wawili kwa gari, ungeona foleni ya magari 40 na huenda zaidi. Jicho linahesabu magari, halihesabu watu. Mwaka 2012 shauri lilifika Mahakama Kuu ya Delhi, waombaji wakitaka magari madogo yaruhusiwe kupita humo, nayo ikakataa. Haikusaidia. Mwanzoni mwa 2016 serikali ya Delhi ilianza kuing'oa njia ile. Mwezi Mei mwaka huohuo Dar es Salaam wakaanza kuendesha mabasi ya Kimara na Kivukoni, kwa mpango wa vituo vya katikati na jukwaa la juu, unaofanana zaidi na wa Ahmedabad.

Nisiisifu Ahmedabad kupita kiasi. Kituo kikiwa katikati ya barabara, kila abiria anavuka nusu ya barabara kukifikia, na nusu tena akishuka. Mistari ya pundamilia peke yake haimsimamishi mwenye pikipiki mwenye haraka zake. Ukichora njia nzuri ya basi ukasahau njia ya miguu, umemleta abiria hadi mlangoni bila kumpa ufunguo.

Tena wapangaji walikwepa penye ugumu. Walianza na barabara pana, ambako kutenga njia hakumbomolei mtu nyumba. Mji wa kale, ulioanzishwa mwaka 1411 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia 2017, una vichochoro ambavyo bajaji mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma. Humo huwezi kutenga njia ya basi hata kwa dua. Ndiyo maana treni ya jiji, iliyoanza 2019, ilipofika eneo hilo ilipitishwa chini ya ardhi. Abiria wa Kalupur, mtaa wa mji huo wa kale, anapanda ngazi hadi juu na kutokea kwenye kelele za honi, na akiwa na mizigo bado atamwita wa bajaji.