Je, wajua kwa nini Seneti ya Marekani ilimtia hatiani jaji mgonjwa?

Tarehe 12 Machi 1804, Seneti ya Marekani ilimvua madaraka John Pickering, jaji wa mahakama ya shirikisho ya wilaya katika jimbo la New Hampshire. Alikuwa ofisa wa kwanza wa serikali ya shirikisho kuondolewa kazini baada ya kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kuhukumiwa na Seneti. Hakuwa amekula rushwa wala kuisaliti nchi yake. Alikuwa mzee aliyerukwa na akili na kuzama katika ulevi. Kwa nini basi alihukumiwa kama mkosaji?

Pickering hakuwa mtu wa kubezwa. Alizaliwa mwaka 1737, akahitimu Harvard mwaka 1761, akawa wakili mashuhuri mjini Portsmouth, akashiriki kutunga katiba ya jimbo lake, kisha akawa jaji mkuu wa jimbo hilo. Rais George Washington alimteua kuwa jaji wa shirikisho mwaka 1795. Miaka michache baadaye akili yake ilianza kuyumba, naye akawa hawezi tena kuendesha mashauri.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Katiba ya Marekani inasema kwamba majaji watashika nafasi zao maadamu wana mwenendo mwema, lakini haisemi lolote kuhusu jaji anayeugua. Njia pekee inayotajwa ya kuwaondoa maofisa wa serikali ni kuwatia hatiani kwa uhaini, rushwa, au makosa mengine makubwa. Sheria ya mahakama ya mwaka 1801 iliruhusu jaji wa mzunguko, yaani wa mahakama iliyo juu ya ile ya wilaya, kushika kazi za jaji wa wilaya aliyeshindwa kuzitekeleza, na kwa muda Jeremiah Smith alifanya hivyo kwa niaba ya Pickering. Mwaka 1802 wafuasi wa Rais Thomas Jefferson bungeni waliifuta sheria hiyo, kwa kuwa waliiona kuwa hila ya wapinzani wao, chama cha Federalist, ya kujijazia majaji. Mgonjwa akarudi kitini.

Novemba mwaka huo huo ililetwa mbele yake kesi ya meli Eliza, iliyokamatwa na maofisa wa forodha kwa madai ya kukwepa ushuru. Pickering alifika mahakamani akiwa amelewa, akaamuru meli irudishwe kwa mwenyewe, Eliphalet Ladd, na akakataa kuwasikiliza mashahidi wa serikali. Jefferson aliwasilisha ushahidi wa mambo hayo bungeni Februari 1803, na mwezi uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kumshtaki kwa kura 45 dhidi ya 8.

Kesi yake iliposikilizwa mbele ya Seneti, Pickering hakutokea. Mwanawe Jacob aliwasilisha ombi akieleza kwamba baba yake alikuwa na wazimu kwa zaidi ya miaka miwili na hakuwa na uwezo wa kujitetea. Kwa maoni yangu, ombi hilo liliwabana maseneta kweli kweli, kwani kukiri kwamba mtu hana akili timamu ni kukiri kwamba hawezi kutenda kosa kwa kukusudia, na kumwachilia ni kuiacha New Hampshire bila jaji wa kuitumikia. Walichofanya ni kukwepa swali. Hawakuulizwa kama alitenda makosa makubwa yanayotajwa na Katiba, bali kama ana hatia kama alivyoshtakiwa. Baadhi yao hawakuridhika, wakajitoa badala ya kupiga kura. Waliobaki walimtia hatiani kwa kura 19 dhidi ya 7, na kumwondoa kwa kura 20 dhidi ya 6.

Nafasi yake alipewa John Samuel Sherburne, mwanasheria wa serikali katika kesi ya Eliza, ambaye alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake. Pickering alifariki Portsmouth mwaka 1805. Ilipofika mwaka 1869 ndipo Bunge lilipotunga sheria iliyomruhusu jaji wa shirikisho mwenye umri wa miaka 70, aliyetumikia angalau miaka 10, kujiuzulu na kuendelea kulipwa mshahara wake hadi kufa.