Fundi Hodari, Ualimu wa Nini?

Kila msimu wa udahili mafundi huniuliza swali lilelile: "Nina miaka kumi na tano kwenye karakana, nikasomee ualimu wa nini tena?"

Huwa namkabidhi seremala ubao wa mninga na randa, nikamwomba afanye kazi huku akinieleza. Ubao unatoka laini kabisa. Maelezo sasa: "Unasukuma hivi, basi." Hakusema kwamba kabla ya kusukuma aliupapasa kujua nyuzi zimelalia wapi, wala kwamba uzito huanzia mkono wa mbele, randa ikikaribia mwisho wa ubao unahamia wa nyuma. Mkono unajua, mdomo ulishasahau zamani. Mwanafunzi atasukuma kinyume cha nyuzi, ubao uchunike, kisha aambiwe hana akili.

Hapo ndipo ualimu wa ufundi unapoanzia. Tanzania, mafunzo haya hutolewa na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, kilicho chini ya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Fundi hujifunza kuivunja kazi yake hatua kwa hatua. Anaifanya kwa kasi ya kawaida, anairudia polepole akitaja kila hatua na sababu yake. Mara ya tatu wanafunzi ndio wanaotaja hatua, yeye anafuata wanavyosema. Baada ya hapo ndipo mwanafunzi ashike randa. Walimu wapya hupenda kuiruka ile ya tatu, wakati ndiyo inayofichua nani ameelewa na nani alikuwa anatikisa kichwa tu.

Kuhusu vyeti, angalia usichanganye. Katika mtihani wa zamani wa ufundi, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza la juu. Katika tuzo za sasa za ufundi stadi ni kinyume, ngazi ya tatu ndiyo ya juu. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kuomba VETA ipime na kurasimisha ujuzi wake. Sifa za kujiunga hutofautiana kwa kozi, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika.

Kabla ya kujaza fomu, jaribu hili. Mwite kijana asiyewahi kunoa patasi, weka mikono mfukoni, umwelekeze kwa maneno matupu. Ukijikuta umempokonya patasi, usijali. Wengi wetu tulimpokonya.